Anayedaiwa Naye Ana Kauli

Mkaazi wa Tibirinzi, Pemba, akitaka mkopo hana safari ndefu. Benki ziko hapo hapo mjini Chake Chake, na pengine afisa mikopo anayempokea ni kijana aliyesoma skuli moja na mwanawe, anayeijua nyumba yao na anayejua mshahara wa mzee unaingia tarehe ngapi. Kujuana huko hakutoshi. Kabla fomu haijakwenda popote, afisa atafungua kompyuta na kuagiza taarifa ya mkopaji kutoka kwa wakala mwenye afisi yake Dar es Salaam. Taarifa ikisema muombaji ana deni sugu, maombi yamekwisha, na mzee atarudi nyumbani na jawabu fupi: mfumo umekukataa.

Nataka kusimama hapo kwenye jawabu hilo, maana wengi hulipokea kama hukumu isiyo na rufaa, na rufaa ipo. Nyuma ya huo unaoitwa mfumo yuko mtu aliyeandika jambo, siku fulani, katika afisi fulani. Alichokiandika kinaweza kuwa kweli na kinaweza kuwa kosa, na aliyeandikwa ana haki ya kukisoma na kukipinga.

Utaratibu wenyewe umewekwa na kanuni za mwaka 2012 zilizotungwa chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006. Kanuni hizo zilianzisha kanzidata ya taarifa za wakopaji ndani ya Benki Kuu, zikaruhusu pia kampuni binafsi kupewa leseni ya kuwa wakala wa taarifa hizo. Miongoni mwa zilizopata leseni ni Creditinfo Tanzania, yenye asili yake Iceland ambako kampuni mama ilianzishwa mwaka 1997, na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Benki zinatakiwa kupeleka habari za wakopaji wao, wanaolipa vizuri na wanaochelewa, na zinatakiwa kuangalia taarifa ya muombaji kabla ya kumpa fedha. Wakala huzikusanya habari hizo, huzipanga chini ya jina la mtu mmoja, kisha huwauzia wakopeshaji. Ukiifungua taarifa utakuta jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Halafu mikopo, mmoja baada ya mwengine: umeanza lini, ulikuwa kiasi gani, umebaki kiasi gani, umecheleweshwa siku ngapi. Aliyemdhamini mwenzake naye huweza kujikuta humo.

Kuandika deni si jambo geni kwetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili, na watoto wa vyuoni Pemba huipitia kabla hawajajua benki ni nini. Inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe, liwe dogo au kubwa, na kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu. Inataka mashahidi. Kisha inaweka sharti ambalo mimi naliona ndilo kiini cha habari yote hii: anayetamka ili mwandishi aandike ni yule anayedaiwa. Asiyeweza kutamka mwenyewe, kwa udhaifu au kwa kutojua, atamkiwe na msimamizi wake kwa haki. Kauli imewekwa kinywani mwa mdeni, kwa sababu yeye ndiye ambaye maandishi yale yatamfunga.

Sasa tazama ilivyo leo. Mwia ndiye anayetamka na wakala ndiye anayeandika. Anayedaiwa hayupo wakati wa kuandika, na mara nyingi hajui kilichoandikwa mpaka siku anaponyimwa. Sisemi kwamba utaratibu huu ni wa dhuluma. Mkopeshaji ana haki ya kumjua anayemkopesha, na benki inayokopesha kwa kubahatisha inachezea akiba za watu wengine. Ninalosema ni kwamba malalamiko ndiyo njia iliyobaki ya kumrudishia mdeni kauli yake, na kwa hiyo hayafai kuonwa kama usumbufu, wala na anayelalamika wala na anayelalamikiwa.

Pemba inaijua hasara ya karatasi inayosema kinyume cha yaliyotendeka. Katika zama za mashamba makubwa ya mikarafuu, mwenye shamba aliyehitaji fedha kabla ya msimu alikuwa akiandikiana na mfanyabiashara mkataba wa mauzo wenye khiyari ya kukomboa. Wote wawili walijua kwamba ule ni mkopo, lakini karatasi ilisema shamba limeuzwa. Msimu ukiharibika, au bei ikianguka kama ilivyoanguka miaka ya 1930, karatasi ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1934 serikali ya wakati huo ilitunga sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe kwa madeni, na mgogoro uliofuata ulifika hadi India, ambako karafuu za Zanzibar zilisusiwa mwaka 1937. Mwanahistoria Fahad Ahmad Bishara ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2017, juu ya nyaraka za madeni zilizozunguka kati ya Oman, Zanzibar na India.

Na kwa wakala wa kisasa pia, malalamiko yalianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1841 mfanyabiashara wa New York aitwaye Lewis Tappan, mtu wa dini na mpinzani mkubwa wa utumwa, alifungua afisi ya kukusanya habari za wafanyabiashara wa miji ya mbali ili wauzaji wa jumla wajue wa kumkopesha. Mawakili wa kila mji walimletea barua za siri. Habari zikanakiliwa kwenye madaftari makubwa. Mteja akaja kusomewa. Aliyeandikwa hakuwa na ruhusa ya kuona. Afisi ile ndiyo iliyokua, ikabadilisha majina, mpaka kufika jina la Dun & Bradstreet katika miaka ya 1930. Mfanyabiashara mmoja wa Ohio, John Beardsley, aligundua kwamba ameandikwa kuwa mkewe yuko mbioni kudai talaka, na wauzaji wakamfungia milango. Akamshitaki Tappan. Mwaka 1851 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola 10,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, lakini kesi ikaendelea kuvutana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitengua hukumu mwaka 1870. Katika shauri hilo mshirika wa Tappan alikataa katakata kumtaja aliyepeleka habari, akakubali kutiwa ndani. Hiyo ndiyo tabia ambayo sheria za leo zimekuja kuivunja. Sasa una haki ya kujua nani kapeleka habari gani, na lini.

Makosa hutokea wapi? Nitaanza na majina, kwa sababu hapa Pemba ndiko hasa yanakozaliwa makosa. Mtu kwetu huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Mjukuu hupewa jina la babu, naye akizaa humpa mwanawe jina la baba, na ukoo mmoja unaweza kuwa na watu watatu walio hai wenye majina yale yale matatu kwa mpangilio ule ule. Tena majina tunayoyapenda ni machache: Hamad, Khamis, Juma, Omar, Faki, Kombo, Fatma, Asha. Karani mmoja huandika Khamis, mwengine Hamis, mwengine Hamisi. Mohamed ana sura nne au tano. Wazee wengi waliandikiwa tarehe za kuzaliwa za kukisia, na tarehe za kukisia hufanana. Tena Mzanzibari ana kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na ana namba ya NIDA ya kitambulisho cha Taifa, na huenda alifungulia akaunti kwa kimoja na kuchukulia mkopo kwa chengine. Kompyuta inayojaribu kuunganisha yote hayo chini ya mtu mmoja inaweza kumbebesha mtu deni la binamu yake, au kumgawa mtu mmoja kuwa watu wawili. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama kwenye taarifa yako si deni. Tazama ukurasa wa utambulisho, herufi kwa herufi.

Chanzo cha pili ni simu. Huduma ya mikopo ya M-Pawa ilianza mwaka 2014, kisha zikafuata Songesha, Bustisha na nyengine, na watu wakazoea kuchukua elfu kumi au elfu ishirini kwa kubonyeza tu. Laini ikapotea au ikaachwa, na deni likabaki likihesabu siku. Deni la elfu tano lina mstari wake kwenye taarifa sawa na la milioni tano. Mkopaji pia hukumbuka jina la mtandao wa simu, wakati taarifa huandika jina la benki iliyotoa fedha, na benki zenyewe hubadilika. Ile iliyoanzisha M-Pawa pamoja na Vodacom ilikuwa Commercial Bank of Africa, nayo baada ya kuungana na benki ya NIC ikawa NCBA mwaka 2020. Benki ya Posta ilikuja kuwa TCB. Tigo na Zantel, mtandao uliozoeleka sana Pemba, zimekuwa Yas tangu mwaka 2024. Ukikutana na jina usilolijua, usiruke kusema hujawahi kukopa kwao. Kwanza uliza jina lao la zamani.

Halafu kuna makosa ya mwendo wa kazi: deni limelipwa lakini benki haikutuma habari mpya, makato ya mshahara yamekatwa kwa wakati lakini yamechelewa kufika, mkopo umepangwa upya kwa makubaliano lakini taarifa bado inahesabu kwa mpango wa zamani. Makosa haya hayako kwetu peke yetu. Tume ya Biashara ya Marekani ilipofanya uchunguzi na kutoa matokeo mwaka 2013, ilikuta mtu mmoja katika kila watano ana kosa katika angalau taarifa moja kati ya tatu zilizowekwa juu yake, na hiyo ni nchi yenye wakala wa tangu enzi za Tappan.

Basi afanyeje mtu wa Tibirinzi? Kwanza asiondoke mbele ya afisa mikopo bila ya kuuliza: taarifa imetoka kwa wakala yupi, na mkopo uliokwamisha ni upi? Maswali hayo mawili huokoa muda mwingi. Kisha amuandikie wakala aombe nakala ya taarifa yake mwenyewe, kwa nakala ya kitambulisho na namba ya simu inayotumika. Si lazima apande boti Mkoani. Barua pepe na simu zinatosha kuanzia, na aulize ada mapema kama ipo. Akiipata, aisome na mtu anayeaminika ikiwa lugha ya kibenki inamshinda. Mtoto aliyesoma anatosha, na aya ile ya Suratul Baqara imeshamruhusu msimamizi atamke kwa niaba ya asiyeweza.

Akikuta kosa, aandike barua ya malalamiko, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu huandika hasira badala ya habari. Barua nzuri ni kavu. Inasema: mimi ni fulani, namba yangu ya kitambulisho ni hii. Katika taarifa yangu mliyonipa tarehe hii, ukurasa wa pili, mnaonesha mkopo wa shilingi laki sita ambao umechelewa siku mia tatu. Mkopo huo nilimaliza kuulipa tarehe hii, na naambatanisha risiti ya malipo ya mwisho pamoja na barua ya benki ya kuthibitisha kwamba sidaiwi. Naomba mrekebishe taarifa hiyo, mnijibu kwa maandishi, na muwajulishe waliokwisha kuisoma. Mwisho wa barua. Hakuna haja ya kueleza shida za nyumbani, wala kutaja nani anamjua nani. Kila dai liwe na karatasi yake, nakala moja abaki nayo mwenyewe, na ahifadhi ushahidi wa siku aliyoituma. Ikiwa mgogoro ni wa majina, barua ya sheha wa shehia yake inayothibitisha kuwa yeye na yule mwengine ni watu wawili inafaa kuwekwa pamoja na vitambulisho.

Barua ile ile aipeleke pia kwa benki au mkopeshaji aliyetoa habari. Hilo lina sababu. Wakala hawezi kufuta kwa kukuonea huruma. Atamuuliza aliyemletea habari, na kama huyo atashikilia kwamba deni lipo, kitabaki kilichoandikwa. Chemchemi ya kosa ni kwa mkopeshaji, na likisafishwa kwa wakala peke yake, mwezi ujao litatumwa tena.

Mkopeshaji akinyamaza au akikataa bila ya sababu ya maana, njia inayofuata ni Benki Kuu. Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamtaka mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma, kisha zinamruhusu kupanda Benki Kuu akiwa hakuridhika. Najua baadhi ya wakaazi wa Pemba hulipeleka shauri la namna hii kwa Mkuu wa Wilaya au kwenye wizara za Serikali ya Mapinduzi, wakarudishwa. Sababu ni kwamba shughuli za mabenki ni katika mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa ndani ya Katiba ya mwaka 1977, na mlango wake kwa upande wetu ni afisi ya Benki Kuu iliyoko Gulioni, Unguja. Tangu mwaka 2023 imeanza kutumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kutaka habari zake zisizo sahihi zirekebishwe, yeyote anayezishika.

Ukitazama kwa majirani utaona jambo hili linavyoweza kuwa kubwa. Kenya iliachia programu za mikopo ya simu zipeleke majina kwa wakala bila ya kizuizi, mpaka mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu yao ikawaondolea ruhusa wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa na ikakataza kuorodheshwa kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000 za Kenya. Novemba 2022 ilitangaza mpango wa kusafisha majina: benki zisamehe angalau nusu ya madeni mabovu ya mikopo ya muda mfupi ya simu. Waliokusudiwa walizidi watu milioni 4.2. Idadi kama hiyo inaonesha kwamba mamilioni walikuwa wameandikwa kuwa wadeni wabaya, mpaka Benki Kuu ikabidi iingie kati. Kule Uingereza, waliko ndugu zetu wengi, sheria ya mwaka 1974 inampa wakala siku 28 kujibu ombi la kurekebisha, na akikataa, mtu ana haki ya kuambatanisha maelezo yake mwenyewe ya maneno yasiyozidi 200, na kila atakayeisoma taarifa atayakuta. Naipenda sana kanuni hiyo. Maneno 200 ya mdeni, ndani ya daftari la mwia.

Lipo jambo moja zaidi linalowazuia watu wetu wasilalamike, nalo ni stara. Kulalamika juu ya deni ni kukiri kwamba ulikopa, na Pemba mtu huona bora akose mkopo kuliko jirani ajue. Wakopeshaji wabaya wameijua aibu hiyo na wakaitumia. Zile programu za mtandaoni zilizokuwa zikiwapigia simu jamaa na wakubwa wa kazi wa mdeni ziliishi kwa aibu hiyo, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Lakini barua ya malalamiko haipigiwi mbiu. Inakwenda kwa wakala, kwa benki na kwa Benki Kuu, na wote hao wanabanwa na sheria kutunza siri. Anayenyamaza ndiye anayebaki na jina baya kwenye kompyuta ya kila benki nchini.

Kuna mambo ambayo mwananchi peke yake hayawezi, na naona ni haki kuyadai. Taarifa ya mkopaji itolewe kwa Kiswahili kinachosomeka. Benki zenye matawi Chake Chake, Wete na Mkoani ziwe na mtu anayepokea malalamiko haya na kuyafuatilia kwa wakala, ili mzee wa Tibirinzi asilazimike kuvuka bahari kwa kosa la herufi moja. Na anayenyimwa mkopo aambiwe sababu kwa maandishi, papo hapo, pamoja na jina na anwani ya wakala.

Akishajibiwa kwamba kosa limerekebishwa, asitosheke na simu. Aombe nakala mpya ya taarifa, alinganishe mstari kwa mstari na ile ya kwanza, kisha aende nayo benki ile ile iliyomkataa na atake maombi yake yafunguliwe upya.